Kona ya Mijeledi

Risasi ya kwanza ilivunja kioo cha pembeni.

Ya pili ilichukua kipande cha sikio la kushoto la Boinali, ikaendelea na safari yake ndani ya miwa.

Boinali hakugeuka. Alikanyaga mafuta mpaka sakafuni. Lori kuukuu la Renault likakohoa, likatema moshi mweusi, likakubali.

Jua la Nosy Be, kisiwa kidogo katika pwani ya nchi ya Wamalagasi, lilikuwa utosini. Barabara ilikuwa ya udongo mwekundu, na vumbi lake liliingia hadi kwenye meno. Nyuma yake ilikuja Citroën Traction nyeusi, mpya, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Aliyekuwa akifyatua risasi dirishani ni Santoni, Mkorsika, mtu wa kazi chafu wa Musiu Lavernay, Mfaransa mwenye shamba la miwa na kiwanda cha sukari. Santoni hakujua anamfukuza nani. Aliona kichwa kilichofungwa kitambaa hadi puani, basi.

Nyuma ya lori lilikuwapo kasha moja, limetoka sasa hivi kwenye ghala la Lavernay.

Ukilinganisha magari, Boinali alikuwa maiti. Traction ilikuwa na mbio mara mbili ya lori. Lakini magari hayajifukuzi yenyewe.

Mbele palikuwa na daraja la reli ndogo ya kubebea miwa. Halikuwa na mbao za kukanyagia; lilikuwa na mataruma na pengo, mataruma na pengo, na mto chini yake.

Boinali akakata kushoto, akaliingiza lori juu ya reli.

Magurudumu makubwa yakaanza kudunda juu ya mataruma. Meno yake yakagongana. Kasha likaruka, likarudi. Lori likavuka likiyumba kama mlevi anayetoka harusini.

Santoni naye akaingia. Hangekubali kushindwa na lori la sukari.

Citroën ni gari zuri. Limekaa chini, linashika barabara kama kucha. Ila mahali pale hapakuwa barabara. Tumbo likakaa juu ya chuma, magurudumu yakabaki yanazunguka hewani, na matusi ya Kikorsika yakasikika hadi ng'ambo.

Boinali alisimamisha lori kwenye kichaka cha miwa, akavunja kasha kwa spana.

Mawe.

Mawe matupu, yamefungwa kwa magunia ili yasipige kelele.

Aliligeuza jiwe moja mkononi. Halafu akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. Lavernay alikuwa ameshanusa kwamba kuna mtu, akaweka chambo. Bunduki alizotumwa kuzitafuta zilikuwa mahali pengine.

Alifungua kitambaa kichwani, akafuta damu ya sikio, akakitupa ndani ya lori. Akapita katikati ya miwa kwa miguu.

Kile kitambaa. Tutakirudia.

*

Lavernay aliporudi nyumbani kwake Hell-Ville, mji wa kisiwa hicho, kula chakula cha mchana, alimkuta fundi wake amelala chini ya gari, miguu nje, anaimba.

Fundi huyo alikuwa Boinali.

Miaka mitatu alikuwa akila chumvi ya Lavernay na kumpeleleza. Kwa Wafaransa alikuwa Mkomori wa Mahabibo, mtaa wa Wakomori mjini Mahajanga, anayejua injini. Kwa Kamati alikuwa jicho. Kamati haikuwa na ofisi, bendera wala muhuri. Ilizaliwa baada ya mwaka wa arobaini na saba, pale Wafaransa walipoua watu wa kisiwa kikubwa cha Wamalagasi kwa maelfu, wakawapiga risasi wafungwa ndani ya mabehewa ya treni pale Moramanga, kisha wakarudi kunywa kahawa na kutuambia tusahau. Wapo waliosahau. Kamati ilikuwa ya wasiosahau.

Boinali alijifunza kazi kwa Waingereza walipoiteka Mahajanga wakati wa vita. Aliwaendeshea maofisa wao. Walimfundisha bastola, redio, na kunyamaza. Walipoondoka waliacha kila kitu mikononi mwa Wafaransa, isipokuwa hayo matatu na bastola moja aina ya Webley, ambayo Boinali alisahau kuirudisha.

"Sikio lako limefanya nini?" Lavernay aliuliza.

"Kinyozi, Musiu."

"Mbadilishe."

"Nimeshamwambia, Musiu."

Lavernay akacheka. Alikuwa mrefu, mwenye mabega, nywele nyeupe zilizolazwa kwa mafuta, saa ya Omega mkononi. Hakuwa mwoga, na hilo tuliseme. Kwenye barabara iliyonyooka angeweza kulisukuma gari lake pale ambapo wanaume wengine wanaanza kuwakumbuka mama zao.

Na gari lenyewe! Delahaye 135, ya buluu, kabureta tatu za Solex, taa za Marchal kama macho ya bundi. Injini yake haikutiwa mafuta ya kawaida. Ilinyweshwa mafuta ya mbarika, yale ya magari ya mashindano, yenye harufu tamu inayoingia kwenye nguo na kukataa kutoka. Nosy Be nzima, gari moja tu lilinuka hivyo.

"Linapanda meli leo," Lavernay alisema. "Jumapili ni Kombe la Mahajanga. Mwaka huu lazima nishinde. Umenielewa? Lazima."

Gatini, winchi ilipoinua Delahaye, Boinali aliona jambo. Gari liliinama nyuma. Lilipotua juu ya meli, aliusukuma mkia kwa paja, kama mtu anayemsogeza punda. Springi hazikucheza.

Aliijua Delahaye hiyo kuliko alivyojua mgongo wake mwenyewe. Tangi la nyuma lilikuwa limebadilishwa bila yeye kujua. Mbele ya petroli na nyuma ya petroli palikuwa na chuma kingine, kimelala kimya.

Bunduki zilikuwa ndani ya gari analolitunza Boinali mwenyewe. Yeye ndiye aliyekuwa akilipiga msasa.

*

Mahajanga, klabu ya magari ilikuwa na baraza lenye feni, nasi tuliruhusiwa pale tukiwa tumebeba sinia. Boinali alisimama kando na mkoba wa spana huku wazungu wakinywa Pernod na kubishana ubishi wao wa kila mwaka.

"Ni gari," alisema mwenye duka la vipuri. "Mpe mtu yeyote Delahaye, atashinda."

"Ni dereva," alisema Lavernay. "Gari ni farasi. Farasi hajui anakokwenda." Akageuka. "Tumwulize huyu. Boinali! Ushindi wa nani, wa dereva au wa gari?"

Wakatabasamu kabla hajajibu. Wapo watu wanaocheka mapema ili wasichelewe.

"Inategemea ngozi ya dereva, Musiu," ndilo jibu lililokuja ulimini. Alilimeza. Alimkumbuka Soulé.

Soulé alikuwa dereva wa Mhindi mmoja wa bazaar. Kabla ya vita, siku ya sherehe za Julai, walimruhusu kuingia mbio za Marovoay na Ford ya mizigo, kwa kujichekesha. Akawashinda wote. Wakafanya kikao, wakaamua: ni gari, Ford ile ina injini ya ajabu. Mwaka uliofuata wakaichukua Ford, wakampa mzungu, akaja wa mwisho. Wakafanya kikao tena, wakaamua: gari limechoka. Soulé akafa akiwa anasukuma rikisho, pousse-pousse ya watu, na kikombe chake cha ushindi wanakitumia kuwekea miavuli kwenye klabu hiyohiyo mpaka leo.

"Sema basi!" Lavernay alihimiza.

"Barabara, Musiu," Boinali alisema. "Mimi nasema ni barabara."

Wakacheka mpaka barafu ikagonga bilauri.

*

Mkuu wa Boinali katika Kamati alikuwa mama mkwe wake.

Usicheke. Bi Echata alikuwa mshonaji, na mshonaji huingia nyumba zote. Hupima viuno vya wake za maofisa akiwa na pini mdomoni, nao wanazungumza mbele yake kama vile hana masikio. Na kwa desturi yao Wakomori, nyumba ni ya mke. Boinali aliishi kwa mkewe Halimati, Halimati aliishi kwa mama yake, kwa hiyo mjasusi huyu hatari alikuwa mgeni hata kitandani kwake.

Alivua viatu mlangoni. Cherehani ya Singer ilikuwa ikikimbia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa. Usikae juu ya hariri hiyo, ni ya mke wa hakimu." Walisemezana Kikomori chao cha Mahabibo, kile chenye Kimalagasi ndani yake kama nazi ndani ya wali. "Sikio hilo?"

"Kinyozi."

"Mwongo. Sema."

Akasema. Cherehani ikasimama.

Bi Echata naye alikuwa na yake, aliyoyaokota kwenye vyumba vya kupimia nguo. Mshindi wa Kombe huzungushwa Mahabibo kwa gwaride, ili wenyeji wapige makofi. Mwaka huu Delahaye ingeharibika katikati ya gwaride, mbele ya chuo cha Qurani. Watu wa Lavernay wangeisukuma uani mwa chuo "kuitengeneza". Bunduki zingebaki pale, chini ya kuni. Asubuhi jandarme, polisi wa kijeshi wa Kifaransa, wangepokea habari ya siri. Wangezikuta. Halafu askari wangepiga risasi, na Mahabibo ingefyekwa, na Lavernay na wenzake wangepata viwanja vya maghala wanavyovitamani tangu zamani.

Chuoni kwenyewe mwalimu alikuwa Halimati.

Kutoka ua wa pili sauti za watoto zilisikika zikisoma kwa pamoja, na sauti yake ikiwakata: "Rudieni! Mnasoma au mnauza samaki?"

"Nitazitoa usiku, nizitupe baharini," Boinali alisema.

"Walinzi?"

"Wawili. Bunduki."

"Na ukifanikiwa wataleta nyingine mwakani. Hapana." Bi Echata alikata uzi kwa meno. "Koti la bwana harusi lina bitana nzito. Lipasuke hadharani, akiwa amelivaa mwenyewe."

Hiyo ilikuwa amri. Boinali akainamisha kichwa.

"Jukwaa la wageni liko wapi mwaka huu?" aliuliza.

"Kona ya Mijeledi."

Wakatazamana.

"Basi," alisema Boinali.

"Na nipe hiyo Webley."

"Mama!"

"Ukikutwa nayo watasema na zile nyingine ni zako. Nipe." Aliipokea kwa vidole viwili, akaitumbukiza kwenye kikapu cha vifungo. "Na usife. Kuna suruali zako tatu hapa sijamaliza kushona."

Halimati alimsindikiza hadi mlangoni, chaki mikononi. Hakuuliza mengi. Mke wa mtu wa aina hii hujua kipi hakiulizwi.

"Utashinda?" alisema tu.

"Nikishinda tumekwisha."

"Basi shindwa vizuri," alisema Halimati, akarudi kwa wanafunzi wake.

*

Sasa niieleze kona hiyo, kwa sababu kwenye ramani zao haimo. Ramani zao zinaiita Kona ya Gavana.

Barabara ya Marovoay ilijengwa kwa kazi ya lazima. Walikusanywa wanaume, wakapewa nyundo, wakaambiwa huo ni ustaarabu. Athoumani, baba yake Boinali, alikuwa mmojawao. Walipofika kwenye kona ya mwisho kabla ya kuingia Mahajanga, msimamizi wa Kifaransa aliwaamuru waiinamishe barabara upande wa nje, ili maji ya mvua yaende mtaroni upesi. Wakamwambia: Musiu, barabara ikiinama nje, gari litatupwa nje. Hata mkokoteni unajua hilo. Alijibu kwa mjeledi, na aliyerudia kusema alijibiwa tena.

Kwa hiyo iko hivyo mpaka leo. Kwa jicho inaonekana bapa, pana, yenye adabu. Gari likiingia kwa mbio linahisi ardhi inateleza chini yake kama mkeka unaovutwa.

Na Lavernay, aliyeipita kila mwaka bila mkwaruzo? Aliipitaje?

Kwa mkono wa Boinali.

Sheria ya Kombe ilikataa mwenyeji kushika usukani. Ilimruhusu akae kiti cha pili, asome vipimo. Ndani ya Delahaye kelele ni nyingi, hakuna anayesikia neno. Fundi huweka mkono gotini kwa dereva. Pigo moja, badilisha gia. Mawili, breki. Baada ya muda dereva hajui tena kama ameamua yeye au ameamuliwa. Lavernay alikuwa amezoea kiasi kwamba angeapa mahakamani ni kipaji chake.

Hivi ndivyo ushindi unavyoandikwa. Dereva ana jina, gari lina jina. Mkono hauna.

*

Jumapili. Bendera ikashuka.

Delahaye ikaruka. Namba saba ubavuni, moshi wa mbarika nyuma, miti ya pwani ikawa ukuta mmoja wa kijani. Peugeot mbili mbele, Simca moja, Talbot ya daktari wa jeshi.

Pigo moja. Gia.

Mapigo mawili. Breki. Peugeot ya kwanza ikabaki kushoto.

Mkia ulikuwa mzito. Kila kona Boinali aliuhisi ukitaka kuja mbele kuona kuna nini. Akawa anapiga mapema kuliko desturi. Lavernay akatii bila kujua anatii. Wakafika Marovoay, nusu ya safari, wakiwa wa tatu.

Wakasimama kujaza petroli. Fundi wa klabu akamimina mtungi.

Wakati huohuo, jukwaani kwenye Kona ya Mijeledi, mtu mmoja alikuwa akipanda ngazi mbilimbili, jasho linamtoka. Santoni. Alikuwa ameshuka sasa hivi kutoka kwenye ndege ndogo ya Nosy Be. Mkononi alikuwa na kitambaa chenye damu.

Alikuwa amekinusa njia nzima. Hakuwa na haja ya kunusa tena.

Mbarika.

Redio ya mashindano ilishikwa na Fazul, kijana wa watu wetu mwenye kofia ya posta na moyo wa Kamati.

"Niunganishe na Marovoay."

"Betri imelala, Musiu."

Santoni akaiweka bastola yake juu ya meza, taratibu, kama mtu anayeweka kofia.

"Iamshe."

Fazul akaiamsha.

"Marovoay, hapa jukwaani. Jibu."

"Marovoay. Nakusikia."

"Namba saba amefika?"

"Anajaza petroli."

"Mwambie Lavernay mwizi wa lori ni fundi wake."

Mikwaruzo.

"Rudia?"

"Fundi wake! Aliye kiti cha pili!"

Boinali alimwona mwamuzi wa Marovoay akikimbia na kuinama sikioni mwa Lavernay. Aliona shingo ya Lavernay ikikakamaa. Akajua.

Alikuwa na nafasi ya kuruka. Mtaro ulikuwa karibu, miwa ilikuwa karibu. Lakini gari bila yeye lingeondolewa mashindanoni, na bunduki zingerudi kimyakimya zilikotoka, zingojee mwaka mwingine.

Akabaki. Akafunga kamba ya kofia.

Lavernay akaingia, akachomoa Luger, akaiweka kati ya mapaja yake. Sheria ilisema gari likirudi na kiti kitupu, au na fundi asiyeandikishwa mwanzoni, halihesabiwi. Naye alihitaji gwaride. Akamsogelea, akasema kwa Kifaransa cha taratibu kabisa:

"Tunarudi pamoja. Tukivuka mstari nitakupeleka nyuma ya karakana mwenyewe."

"Kama apendavyo Musiu."

"Na ondoa huo mkono wako gotini kwangu."

Boinali alimtazama.

"Mkono, Musiu?"

"Uondoe! Unadhani ni wewe unayeendesha hapa? Leo tutajua."

Boinali akauondoa. Akaukunja na mwenzake kifuani.

Delahaye ikaondoka kama jiwe la kombeo.

Nilisema Lavernay hakuwa mwoga. Hasira ilimfanya kuwa hodari zaidi. Aliipita Simca kwenye vumbi tupu, bila kuona. Aliipita Talbot pembeni mwa ng'ombe. Gari liliimba, kabureta zote tatu zilikuwa koo moja. Mara mbili mkia ulitupwa, mara mbili akaurudisha kwa mabega yake. Akamtupia Boinali jicho la pembeni, jicho la mtu anayesema: umeona?

Boinali aliona. Alikuwa dereva mzuri juu ya gari zuri sana.

Ndiyo maana walikuwa wakienda kasi mno.

Mbele, juu ya kilima, paa la jukwaa likatokea. Miavuli. Kofia nyeupe. Naibu wa Gavana, Konsuli wa Kiingereza na darubini yake, mpiga picha wa gazeti kutoka Réunion. Na ng'ambo ya pili, nyuma ya kamba, Mahabibo nzima imesimama juani, maana wao hawakutengenezewa paa.

Barabara ikanyooka. Kona ikaonekana. Bapa, pana, yenye adabu.

Hapa ndipo mapigo mawili yalipokuwa yakija kila mwaka, kwenye mti wa mkwaju uliokatwa nusu.

Mkwaju ukapita.

Goti la Lavernay lilikuwa linasubiri. Boinali aliliona. Lilitetemeka kidogo, kama mbwa anayesubiri kuitwa.

"Sasa?" Lavernay alifoka.

Mikono ya Boinali ilikuwa imekunjwa.

"Sasa? Sasa, wewe! Sasa?"

"Musiu ndiye dereva!" Boinali alipiga kelele kwa Kimalagasi, lugha ambayo Lavernay aliishi ndani yake maisha yake yote na hakuwahi kujifunza.

Lavernay akakanyaga breki.

Breki zilishika. Mtu asije akalisingizia lile gari, breki zilishika vizuri. Lakini barabara ikavuta mkeka wake, na ule mzigo wote nyuma ukataka kwenda mbele. Mkia ukazunguka. Boinali alikuwa ameshateleza chini ya dashibodi, magoti kifuani, kama alivyofundishwa na Waingereza, akisoma alichofundishwa na mama yake.

Delahaye ikazunguka mara moja, ikaenda kinyumenyume, ikalipiga gogo la uzio mbele ya jukwaa kwa matako yake.

Chuma kikapasuka.

Halafu zikatoka.

Zilitoka zikiteleza juu ya changarawe, zimefungwa kwa karatasi za grisi, moja, nyingine, rundo. Karatasi zikachanika. Bunduki za rashasha, MAS 38, mali ya jeshi la Ufaransa, na risasi zake zikamwagika kama dengu. Moja iliserereka hadi kwenye kiatu cheupe cha Konsuli wa Kiingereza, ikasimama.

Taa ya mpiga picha ikawaka. Ikawaka tena.

Konsuli akainama, akaiokota, akaigeuza. "Mashindano ya kuvutia," alimwambia Naibu wa Gavana.

Lavernay alikuwa hai. Bega limevunjika, bado ameshika usukani, usukani haujaungana tena na kitu chochote. Luger yake imelala mapajani mwake mbele ya dunia nzima.

Boinali alitambaa akatoka. Akasimama. Mguu mmoja ulilalamika, akaunyamazisha.

Akakutana macho na Santoni.

Santoni alikuwa akishuka ngazi za jukwaa na bastola mbele. Hakuona bunduki zilizomwagika, hakuona Konsuli wala kamera. Alikuwa akiona lile sikio tu.

Na hapo akafanya kosa. Mwaka wowote mwingine, mzungu mwenye bastola akimfuata mtu mweusi ilikuwa habari ya kawaida. Lakini leo jandarme walikuwa wamesimama katikati ya silaha za magendo, Naibu wa Gavana akiwatazama kwa macho mekundu, wakitafuta kwa hamu kubwa mtu wa kumkamata.

"Tupa silaha!"

"Siyo mimi, wajinga! Yule!"

"Tupa silaha!"

Wakamrukia watatu. Akalala kifudifudi juu ya risasi zake mwenyewe, mdomo kwenye changarawe. Nyuma ya kamba kicheko kikaanza, kicheko cha wanawake kwanza, kisha cha soko zima. Kikapanda. Hakuna mjeledi unaojua kukirudisha kicheko cha namna hiyo.

Walinzi wawili wa Lavernay walikuwa wameanza kutembea polepole kuelekea bandarini, mikono mifukoni, kama watu waliokumbuka ahadi.

*

Msimamizi wa mashindano akamjia Boinali, kalamu mkononi. Mtu wa sheria. Dunia ingezama yeye angeuliza saa ya kuzama.

"Wewe ndiye fundi. Lazima niandike sababu ya ajali." Akajipangusa. "Gari liliharibika, bila shaka. Ni gari."

Boinali alilitazama gari. Buluu yake ilikuwa imechubuka, taa moja ya Marchal bado inatazama juu kama inauliza. Alilihurumia. Miaka mitatu alilipangusa.

Alimkumbuka Soulé na vikao vyao.

"Gari lilikuwa zima," alisema. "Breki nzima, springi nzima, injini nzima. Andika: dereva."

"Lakini Musiu Lavernay ni..."

"Mnapenda kuandika dereva mkishinda. Leo pia andika dereva."

Msimamizi akaangalia huku na huku, hakuna aliyemsaidia. Akaandika.

Lavernay alikuwa akipitishwa juu ya machela, jandarme kila upande. Aliinua kichwa.

"Ulijua," alisema. "Ile kona. Ulijua."

"Baba yangu aliijenga, Musiu," alisema Boinali. "Alimwambia mwenzenu kwamba itawatupa."

Akageuka. Akavuka kamba, upande wa wasio na paa. Watu wakampisha bila kumshika, bila kumwita jina, kwa sababu Mahabibo inajua namna ya kumficha mtu hadharani. Bi Echata alikuwa amekaa juu ya kigoda, mwavuli mkononi, kikapu cha vifungo mapajani.

"Limepasuka," alisema bila kumtazama.

"Limepasuka, mama."

"Na suruali hiyo nayo. Ya nne." Akamsogezea kikapu. "Uchukue kitu chako, kinanichafulia nyuzi. Leo jioni utapanda jahazi la chumvi kwenda Katsepy, ng'ambo ya ghuba, ukae huko mpaka wakusahau. Halimati anakuja na nguo. Amesema ulishindwa vizuri."

Teksi moja ikasimama, dereva akafungua mlango, meno nje. "Ingia, kaka! Leo bure! Peugeot mpya hii, inaruka!"

"Ahsante," alisema Boinali.

Akawasha sigara, akaitia Webley chini ya shati, akashuka kuelekea ufukweni kwa miguu.